Soma Nyuma ya Pakiti

Mwanamkasi alikuwa mpishi hodari. Kwao Tanga, shughuli haikufanyika mtaani bila yeye kuitwa jikoni. Pilau yake ilisifiwa mpaka mitaa ya mbali. Lakini tangu ahamie Kabati, huku Kitui, jiko ndilo lililomtisha kuliko kitu chochote.

Alikuja Kenya pamoja na mumewe, Yakub. Baba yake Yakub alikuwa amefariki na kumwachia duka la vitambaa pale Kabati. Wakafunga mizigo, wakavuka mpaka pale Horohoro, wao na mtoto wao mmoja, Naila, wa miaka minne.

Naila alikuwa na shida moja kubwa. Mwili wake haukukubali karanga. Alipokuwa mdogo alilamba kipande cha kashata ya karanga. Midomo ikavimba, ngozi ikatoka mabaka, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Daktari wa Tanga aliwaambia bila kuzunguka, "Huu ni mzio. Asile karanga hata chembe."

Kule Tanga waliweza. Muuza maandazi alikuwa shangazi yake Mwanamkasi, muuza samaki alikuwa jirani, na pakiti nyingi za dukani alizisoma kwa Kiswahili. Huku Kabati watu walikuwa wakarimu, lakini pakiti zilisema Kiingereza kitupu. Mwanamkasi alisoma hadi darasa la saba. Kiingereza alikiacha hukohuko darasani, nacho hakikumtafuta.

Basi akajiwekea sheria. Atanunua chakula cha asili tu, cha kilimo hai, kisicho na kemikali. Kitu cha asili hakiwezi kumdhuru mtoto, alijiambia. Hapo ndipo alipokosea.

Asubuhi moja aliingia dukani kwa Mwongeli.

"Dada, nataka unga wa uji. Wa asili, usiotiwa madawa."

"Chukua hii, mama. Hii ni organic," Mwongeli alisema. "Ni wimbi ya wakulima wa huku. Hakuna kemikali."

Mbele ya pakiti palikuwa na jani la kijani na mtoto mnene anacheka.

"Hauna karanga?"

Mwongeli aliitazama picha. "Si unaona ni wimbi? Hiyo ni safi kabisa. Hata mimi nampea mtoto wangu."

Mwanamkasi aliliamini lile jani. Akaenda nyumbani, akapika uji, akautia sukari kidogo. Naila akanywa mafunda matatu.

"Mama, ulimi unawasha," alisema.

Kikombe kikaanguka. Midomo ilianza kuvimba mama akiitazama. Majirani wakaja mbio, mmoja na maziwa, mwingine na maji ya chumvi. "Mpe hii, atatapika!" Mwanamkasi hakungoja. Alimbeba mtoto, akasimamisha boda boda, wakaenda hospitali bila hata viatu.

Naila alichomwa sindano pajani. Pumzi ikarudi polepole. Daktari akaamuru akae hapo siku nzima, maana hali hiyo inaweza kurudi.

"Ulifanya vizuri kutongoja," alimwambia mama. "Ungekaa kujaribu maziwa, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Kesho yake Ndunge alikuja. Ndunge alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama mwenye sauti kubwa na begi la kazi mgongoni. Nyumba zote za upande ule alizijua kwa majina ya watoto.

"Mama Naila, leta hiyo pakiti," alisema kabla hata hajakaa. Akaiweka mezani. "Wewe uliangalia wapi?"

"Hapa. Jani."

"Jani inakuambia vile walilima. Haikuambii wameweka nini ndani. Si karanga pia inaweza kulimwa bila dawa? Itakuwa organic, lakini itakuwa karanga tu. Sasa geuza. Soma nyuma."

Nyuma palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Ndunge akaweka kidole.

"Hapa ndio wanaandika kila kitu kimewekwa. Ile kitu ni nyingi inaanza, ile kidogo inamaliza. Wimbi. Mtama. Soya. Na hii ya nne?"

Mwanamkasi akasoma herufi moja moja. GROUNDNUTS.

"Hiyo ni karanga," Ndunge alisema kwa upole.

Kwenye daftari la kliniki la Naila akaandika maneno mawili kwa herufi kubwa: GROUNDNUTS na PEANUTS. "Zote mbili ni karanga. Ukiona yoyote, rudisha. Na hapa chini wakati mwingine wanaandika hivi, MAY CONTAIN. Maana yake hawakuweka, lakini labda imeguswa kwa mashine. Hiyo pia, rudisha. Na kama hujaelewa neno, usinunue mpaka uulize mtu anajua kusoma."

Mwanamkasi alilia. Neno lilikuwepo siku zote, limeandikwa, limepigwa chapa. Alimpa mwanawe sumu iliyojitaja kwa jina.

Tangu siku ile hakuzitaka pakiti tena. Siku ya soko alimwendea Kaveke, mama aliyeleta nafaka kutoka milima ya Mbooni.

"Mimi nalima na mbolea ya mbuzi," Kaveke alimwambia. "Dawa sijui hata inafanana aje."

"Na hili gunia, liliwahi kutiwa karanga?"

"Aiya! Hii gunia ni mpya. Nusa."

Alinusa. Akanunua wimbi na mtama. Nyumbani akapeta, akaosha maji matatu, akaanika juu ya mkeka, akakaa palepale na fimbo akifukuza kuku. Kisha akapeleka kwa Mbuvi, mwenye mashine ya posho. Unga ukatoka laini, wa moto. Akapika uji akiwa na moyo mweupe, maana kila punje ilipita mikononi mwake.

Naila akanywa. Na midomo ikavimba tena.

Safari ile ya pili ya hospitali Mwanamkasi hakulia. Machozi hayakutoka. Alikaa kwenye benchi akitazama mikono yake, mikono iliyosifiwa Tanga nzima, akaichukia. Kama hata chakula alichokiosha mwenyewe kinamuua mtoto, amlishe nini? Nchi nzima, alihisi, ilikuwa karanga.

Naila alipona, lakini amani ya nyumba ilikuwa imevunjika. Mwanamkasi alipika wali mweupe na chumvi, mchana na jioni, siku baada ya siku. Mayai aliyaogopa. Maharagwe aliyaogopa. Maziwa aliyaogopa. Na Naila naye akaanza jambo lililomchoma mama kuliko yote. Akiona kikombe kinakuja, alifunika mdomo kwa viganja viwili.

"Turudi Tanga," Mwanamkasi alimwambia mumewe.

"Kwani Tanga hakuna karanga?" Yakub aliuliza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka.

Wakati mwingine Yakub alimkuta mkewe ameketi mbele ya jiko baridi, kibiriti mkononi, hajawasha. Alimwita, naye hakusikia.

Wiki ya tano Ndunge alirudi na utepe wake wa kupima watoto. Akauzungusha mkononi mwa Naila. Ulisimama kwenye rangi ya njano.

"Mama Naila, huyu mtoto anaanza kukosa chakula," alisema. "Kabla ya hii shida alikuwa anakula mayai?"

"Alikuwa akila."

"Maharagwe? Maziwa? Samaki?"

"Vyote."

"Na vilimfanya nini?"

"Havikumfanya kitu."

"Basi kwa nini unamnyima? Aleji yake ni ya karanga, si ya chakula yote. Karanga inaweza kumuua, lakini njaa pia inaua. Inaenda pole pole tu."

"Dada Ndunge, nimeshindwa," Mwanamkasi alisema. "Usinifundishe tena. Nilisoma nyuma ya pakiti kama ulivyosema. Kisha nikaacha pakiti zote. Nikaosha punje moja moja. Bado mwanangu akakosa pumzi. Mimi si mama wa kulea mtoto huyu."

Ndunge aliweka utepe chini. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza wiki tano nzima.

"Ulisagia wapi?"

Wakaenda kwa Mbuvi pamoja. Mbuvi alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope, na hakupenda alichosikia.

"Mimi nasaga hapa miaka kumi na tano!" alisema. "Hakuna mtu amewahi kulalamika na unga yangu."

"Hatujakuja kukushtaki, mzee," Ndunge alimjibu. "Tunauliza tu. Ile siku huyu mama alileta wimbi, nani alikuwa mbele yake?"

Mbuvi alifikiri. "Ile siku? Ni wale wamama wa chama. Walileta ya uji ya watoto wa nasari. Wimbi, soya, njugu karanga..."

Akaishia hapo. Aliugonga mfuko wa kitambaa unakotokea unga. Vumbi likadondoka, la jana na la juzi, na harufu ya karanga ikaja puani kwa wote watatu.

"Ngai wangu," Mbuvi alisema. "Mama, pole. Sikujua kidogo hivyo inaweza kudhuru mtu. Nitaosha hii mashine yote, nikusagie wewe wa kwanza."

"Asante, lakini hiyo haiwezi kutosha," Ndunge alisema. "Ndani kuna mahali mkono haufiki. Ile MAY CONTAIN ya pakiti ni hii, mama Naila. Tofauti ni kwamba mashine haina lebo, lazima uulize kwa mdomo." Kisha uso ukamchangamka. "Lakini si kuna kinu? Nitakuazima yangu. Ile ya kutwanga mahindi ya muthokoi."

Mwanamkasi alimtazama. "Kinu chako kiliwahi kutwanga karanga?"

Ndunge akakumbuka.

"Juzi tu," alisema, na aibu ikamshika. "Juzi nilitwanga ya mboga. Aki wewe! Sasa wewe ndio mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu wahamie, Mwanamkasi kusikia mtu akimsifu kwa jambo la jikoni.

Mbuvi ndiye aliyemaliza shauri. Shemeji yake, Kisilu, alikuwa mchonga vinu. Baada ya wiki moja kinu kipya kilifika mlangoni, bado kinanuka mti mbichi. Mbuvi alikibeba mwenyewe begani. Mwanamkasi akanunua chekecheo jipya pia, akavitenga vyote viwili, na Yakub akatangaza mtaa mzima kwamba havikopeshwi. Wengine walisema mke wa Yakub ni mchoyo. Waliambiwa sababu, wakanyamaza.

Alitwanga wimbi la Kaveke mpaka mabega yakauma. Alipika. Yakub alimweka mtu wa boda boda nje ya mlango. Mama alikunywa kwanza, kisha akamsogezea mtoto kikombe. Naila alifunika mdomo.

"Nimetwanga mwenyewe, mwanangu. Uliniona."

Viganja vilishuka taratibu. Akanywa funda moja. Mwanamkasi alimtazama midomo, shingo, kifua, mpaka macho yakamwasha. Hakikutokea kitu. Hakuimba wala hakupiga vigelegele. Alikaa chini sakafuni.

Mayai yakarudi mezani, na maharagwe, na maziwa. Miezi miwili baadaye utepe ulisimama kwenye kijani. Hofu haikuondoka. Alijifunza kuishi nayo.

Siku ya Idi watoto waligawiwa biskuti uani msikitini. Wenzake Naila walichana karatasi, wakala. Naila aliigeuza yake. Akazitazama herufi asizozijua, akakimbia kwa mama.

"Mama, soma nyuma."

Mwanamkasi akasoma kwa kidole, neno kwa neno, hadi mstari wa mwisho.

"Ina karanga?"

"Ina, mwanangu."

Naila hakulia. Alikwenda mwenyewe akairudisha kwenye sinia, akanawa mikono bombani, akarudi na kiganja wazi. Mama ndiye aliyelia, uso kaugeuzia ukutani. Kisha akafungua kitambaa alichobeba, akampa kaimati alizopika alfajiri kwa mafuta mapya.

Naila alikula katikati ya wenzake, hakufunika mdomo.