Sauti za Mama Kwenye Kadi

Walikutana Tandika sokoni, kila mmoja ameshika upande wa dera moja la kijani.

"Kaka, achia. Dera wewe la nini?"

"La dada yangu. Ila likikukaa, dada atasubiri."

Salsabil akacheka. Aliondoka na dera na namba ya Nawaf, fundi kompyuta wa Chamazi.

Mwaka mmoja baadaye aliingia dukani kwake na dera lilelile, macho mekundu. Marehemu mama yake hakujua kuandika. Kila jioni alijirekodi simuni mambo ya siku. Salsabil hakuwahi kupata moyo wa kumsikiliza. Alimpa Nawaf kadi ya kumbukumbu ya simu hiyo ahamishe sauti kwenye kompyuta, kisha aifute ili Salsabil aitumie.

Kesho yake Salsabil akaketi mbele ya kompyuta. "Folda tupu! Si uliniambia tayari, mpenzi?"

"Skripti iliandika zimepatikana..."

"Uliangalia hata moja?"

Nawaf akafungua skripti, amri alizoandika mwenyewe, akamweleza Salsabil alichokiona. Iliagizwa itafute faili za mp3. Simu ya mama ilihifadhi amr, aina nyingine ya faili za sauti. Amri ya find, ya kutafuta faili, ilizunguka kadi nzima, haikuona kitu, ikarudisha sifuri, maana yake kazi imeisha bila hitilafu. Skripti iliangalia sifuri hiyo tu. Haikuangalia kama orodha ina jina hata moja. Kisha mstari wa mwisho ukafuta kadi.

"Yaani umemtuma mtu, karudi mikono mitupu, wewe ukaandika amekuta? Halafu ukachoma nyumba?"

"Ndiyo."

"Mama nimemzika mara mbili, Nawaf. Usinipigie!"

Nawaf alipiga siku tisa bila kupokelewa. Ya kumi, kwenye hitima ya arobaini ya mama, Salsabil akapokea kwa ukali:

"Unataka nini?"

"Nimefukua kadi kwa programu ya kurejesha faili. Kati ya sauti sitini na moja nimepata nne. Nimezisikiliza zote, mpaka mwisho. Samahani, hii moja inanihusu."

Sauti ya mama ikatoka, kavu, yenye kikohozi: "Leo Salsa kaunguza wali, anaongea na yule kijana wa dera. Simchukii. Ila mbona haleti wazee wake?"

Salsabil akakaa chini jikoni, kanga mdomoni. Alilia kwa muda mrefu.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hamsini na saba sitajua alisema nini. Sitajua mpaka nife."

"Najua, Salsa."

"Wazee wako walete Jumapili. Na kadi ile usiiguse tena."