Nyumba Iliyopanda Juu ya Mawingu

Mambo yalianza na maharage, na msinicheke. Mama mdogo wa Kiduchu aliyabandika asubuhi, yakatokota mpaka adhuhuri, ukiyabonyeza bado ni mawe matupu. Akamlaani muuzaji, akanunua mengine, nayo yakagoma. Kesho yake akaipeleka sufuria ileile kwa jirani, na huko haikuchukua muda yakawa rojo. Akarudi amenuna, akisema jiko la nyumba hii lina mkosi.

Shemeji yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Lenzi, alimsikia akanyamaza. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za milima akiwa juu ya vilele, mawingu yametandazwa chini kama pamba, na watani walisema siku akipiga picha za harusi itabidi bibi harusi atafutwe kwa darubini. Mtu wa kazi hiyo anajua kwamba kule juu hewa ni nyepesi, maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharage hayaivi. Lakini mtaa wao ulikuwa bondeni, kwenye joto la kumtoa mtu jasho akiwa ameketi. Alinyamaza kwa sababu kuna jambo alilijua, na hapo ndipo ninapomlaumu, ingawa namhurumia vilevile.

Mwaka uliopita mkewe alifia mlimani. Picha ya mlima isiyo na mtu haina kipimo. Anayeitazama hajui kama anaona jabali au kokoto. Kwa hiyo mkewe ndiye aliyekuwa akisimama mbali na koti lake jekundu, mdogo kama punje, ili ukubwa wa mlima uonekane. Siku hiyo Lenzi alimwambia arudi nyuma kidogo, akarudi, ukingo ukameguka. Akazama mawinguni, na mwili haukupatikana. Lenzi aliyasema haya mwenyewe msibani, mbele ya wakwe zake, akilia kwa kwikwi, na wakwe wakamsamehe. Aliyeshindwa kumsamehe ni yeye mwenyewe.

Ndipo mwezi uliopita alipopanda tena. Aliwaacha wapagazi kambini, akafika kileleni peke yake jua likichomoza. Alipoweka jicho kwenye kamera aliona koti jekundu, mbali kabisa, kwenye ukingo uleule. Mwenye akili zake angetimua mbio. Lenzi alifanya kosa ambalo mpiga picha pekee angelifanya: aliona huyo mtu amesimama mbali mno.

"Sogea karibu kidogo," akasema, kwa mazoea ya miaka yote ile.

Akasogea. Akamwambia asogee tena, akasogea tena, naye machozi yakimtiririka akaendelea kumwita mpaka ukungu ukatanda na asione kitu. Alishuka, akarudi nyumbani, hakumwambia mtu.

Basi baada ya maharage, pakiti za biskuti kabatini zikafura zenyewe, kama zinavyofura kule juu. Shuka za Kiduchu, binti yake wa pekee, zikaanza kunuka barafu na mawe yaliyolowa. Kisha mtoto mwenyewe akashikwa na kichwa, akawa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta, na midomo yake ikageuka rangi ya wino. Daktari alimpima, akakuna kichwa, akauliza kama mtoto amepandishwa mlima mrefu siku za karibuni, maana mapafu yalikuwa yanajaa maji. Dawa hazikufua dafu, wala hewa ya mtungi. Wakamhamishia kwa jirani. Asubuhi maharage ya jirani nayo yakagoma.

Kilichowakata maini ni kwamba mtoto alikuwa na furaha.

"Mama anakuja kila alfajiri," alimnong'oneza baba yake. "Ananilalia hapa kifuani. Mzito, halafu baridi. Anasema twende wote tukapigwe picha."

Mama mdogo ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mfupi aliyebanwa na mafua, ambaye alipiga chafya mlangoni akasema hapa si nyumbani, hapa ni kileleni. Akauliza nani amemkaribisha mgeni. Lenzi akaketi sakafuni akaeleza yote. Mganga hakuagiza kuku wala ubani. Alisema majini wa vilele hawana sura, huvaa ile wanayopewa na anayewaita, na aliyealikwa hatolewi na mtu mwingine.

"Ulimwita kwa maneno ya kazi yako," alisema taratibu. "Utamtoa kwa maneno ya kazi yako. Mpaka ukingoni, na aupite."

"Ana sura ya mke wangu. Na kama ni yeye kweli?"

"Mama hamlalii mwanawe mpaka akakosa pumzi, baba. Ila uchungu wako nauona."

Wakamrudisha Kiduchu chumbani kwake. Alfajiri Lenzi akasimamisha kamera mbele ya kitanda, mganga na mama mdogo wakajibanza nyuma yake. Walianza kusikia kokoto zikisagika koridoni, ingawa sakafu ilikuwa ya saruji. Harufu ya barafu ikaingia, na Lenzi alipoinamia kamera alimwona mkewe ameketi kitandani na koti lake, kichwa amekilaza juu ya kifua cha mtoto, mtoto akimpapasa nywele kwa vidole visivyo na nguvu, na hakuna kitu duniani alichokitaka wakati ule zaidi ya kuwaacha wakae vivyo hivyo, mama na mwanawe, hata kama ni kwa dakika moja tu, lakini alisikia pumzi ya Kiduchu ikikwaruza na kukatika na kukawia kurudi.

"Simama, mke wangu," akasema. "Rudi nyuma kidogo."

Akasimama, akarudi. Akamwambia kidogo tena, na kila alivyorudi kabati likayeyuka, dirisha likayeyuka, ukuta ukaondoka, na nyuma yake yakatandazika mawingu meupe yenye jua la kwanza juu yake, mandhari nzuri kuliko zote alizowahi kuziona maishani mwake, naye kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakubonyeza. Ukingoni mwanamke akasita.

"Baba Kiduchu," aliita, kwa sauti ileile ya nyumbani. "Naogopa. Nyuma yangu pana nafasi?"

Lenzi alimtazama binti yake, akaitazama midomo yake.

"Ipo," akasema. "Rudi."

Akamwamini. Akatengeneza kola ya koti, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha, akarudi hatua moja.

Ukuta ukawa ukuta. Joto la bondeni likarudi chumbani, mtoto akakohoa kikohozi kirefu, akavuta pumzi mpaka mwisho. Mama mdogo alikuwa chini amejiziba mdomo kwa upande wa kanga. Mganga alipenga kamasi, akakataa hata chai, akaenda zake. Ndipo Lenzi alipogundua kwamba macho ya Kiduchu yalikuwa wazi, na yalikuwa wazi tangu mwanzo.

Mtoto alipona. Amerudi shule, anaruka kamba na wenzake mpaka jioni. Ila kila baba yake anapoingia chumbani, Kiduchu husimama, hugeuka akatazama kwanza nyuma yake mwenyewe, ndipo humwamkia.