Alama ya Mkono kwenye Tarumbeta

Kila siku kengele ya shule ilipolia, wenzake walitoka wawili wawili wakipiga soga, naye Kimya akatoka peke yake. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wa darasa lake jipya, maana tangu yeye na jamaa zake wahamie kambi ya jeshi hakuwa amezoeana na mtu. Baba yake, sajini, alikuwa mpakani mwezi wa nne sasa. Nyumbani alikuwapo shangazi, lakini shangazi na cherehani yake walikuwa na maongezi yao wenyewe.

Mahali pekee alipokaribishwa palikuwa chumba cha kumbukumbu cha kikosi cha askari wa miguu. Koplo aliyekitunza alimruhusu kupangusa vumbi kwenye buti kuukuu na picha za askari wa zamani.

Alhamisi moja Koplo aliitwa ofisini. Mezani palikuwa na tarumbeta la shaba, linang'aa kote isipokuwa baka jeusi shingoni. Keshokutwa, Jumamosi, ilikuwa sikukuu ya kikosi.

"Koplo kapitiwa," Kimya aliwaza. "Nikimmalizia atafurahi." Akachukua kitambaa na dawa ya shaba, akasugua mpaka baka likatoweka. Alirudi nyumbani akiimba.

Kesho yake alimkuta Koplo ameshika tama.

"Leo mambo yameniharibikia, mwanangu," alisema. "Zamani vitani, mpiga tarumbeta wetu alisimama darajani akalipuliza lile la mezani kutwa nzima, kuwaongoza wenzake wavuke salama. Yeye hakuvuka. Baka lile ni alama ya mkono wake, na kila anayesafisha huliruka. Sasa limefutwa! Sajini Meja anasema ni uzembe wangu, likizo sina tena. Mtoto wangu mchanga ana wiki tatu, sijamtia machoni."

Kimya alitoka nje. Akikiri, mlango pekee uliokuwa wazi kwake ungefungwa, na alikuwa amechoka kuwa peke yake. Alizunguka uwanja wa gwaride mara mbili huku machozi yakimlengalenga. Kisha akabisha hodi kwa Sajini Meja, mtu ambaye masharubu yake yaliingia chumbani kabla yake.

"Shikamoo, Afande. Baka nimelifuta mimi. Nilidhani ni uchafu."

"Marahaba. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ungenyamaza tu. Si ndiyo sababu wanakuita Kimya?"

"Ningenyamaza, Afande. Lakini Koplo hajamwona mtoto wake."

Sajini Meja akanyanyua simu. "Mwambieni Koplo afungashe, aende likizo akamwone mtoto. Kosa ni langu, nilihukumu bila kuuliza." Kisha akamgeukia Kimya. "Baka lile ni jasho la mkono. Shaba ikishikwa bila kufutwa, hubadilika rangi. Kuanzia kesho, kila Jumamosi utabeba tarumbeta hilo pamoja na bendi, kwa mkono mtupu, palepale pa zamani."

"Mpaka lini, Afande?"

"Mpaka baka lirudi. Huenda miaka miwili."

Jumamosi wapiga ngoma walisogea kumpa nafasi. Binti wa mmoja wao, aliyebeba vijiti vya ngoma, alimnong'oneza, "We unaitwa nani?" Kimya alimtajia jina lake halisi, kwa sauti.

Gwaride lilipokwisha, Sajini Meja aliinama kukagua shaba. Bado ilikuwa inang'aa.

"Mpiga tarumbeta wetu hakukimbia risasi," alisema, "na wewe hukulikimbia kosa lako. Kusema kweli unapoogopa, mwanangu, nako ni kusimama darajani ili mwenzio avuke."