Suruali ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nilifagia vipande vya vitambaa na kuokota pini chini ya cherehani ya Baba. Baba ni fundi nguo, na chumba chetu cha mbele ndicho anachofanyia kazi. Aliniita Sindano, eti kwa sababu mimi ni mwembamba na maneno yangu yanachoma. Yeye alikuwa mnene, na kutwa nzima hakuinuka kwenye kiti chake. Alishona, akaimba, akawatania wateja.

Siku ya wazazi ya mwaka uliopita, darasa letu lilikuwa ghorofa ya tatu. Baba alifika ghorofa ya kwanza tu, akakaa kwenye ngazi akihema. Nilisoma insha yangu mbele ya kiti kitupu. Niliumia, lakini zaidi niliogopa, maana nampenda sana Baba yangu. Kesho yake daktari alimwambia bila kuficha, "Fundi, shinikizo lako la damu liko juu. Tembea nusu saa kila siku, la sivyo moyo utagoma."

Tulianza pamoja kwa mbwembwe. Wiki ya kwanza tulizunguka mtaa mzima tukicheka. Wiki ya pili mvua ikanyesha. Baada ya hapo ikawa, "Leo nina kazi ya haraka," mara, "Goti linauma." Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi kimyakimya nikajifunika shuka.

"Wasiwasi wa nini?" Baba alisema nilipomuuliza. "Suruali ileile bado inanitosha!"

Nilimwamini, hadi asubuhi moja nilipofagia nyuzi za kahawia zilizofumuliwa, rangi ya suruali yake. Nikaitoa kwenye kamba na kuigeuza ndani nje. Kiunoni palikuwa na alama za mishono mitatu, kila mmoja umesogezwa nje zaidi. Baba alikuwa akiipanua suruali kwa siri!

"Baba," nilisema huku machozi yakinilengalenga, "suruali umeidanganya. Moyo je?"

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Leo umenichoma kweli, Sindano. Nisamehe. Lakini kuzungukazunguka bila kwenda popote kunanichosha. Naona napoteza muda."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Baba aliweza kumvunjia ahadi daktari, lakini mteja, hata siku moja. Akisema Jumanne, ni Jumanne. Basi mama muuza maua alipoingia kuulizia gauni lake, nikamwahi.

"Mama, usisumbuke kurudi. Fundi mwenyewe atakuletea nyumbani, kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa miguu."

"Makubwa haya!" alicheka. "Basi nitakusubiri mlangoni, fundi."

Baba alinikazia macho, lakini ahadi ilikwisha kutoka.

Kesho yake tulipeleka gauni. Siku iliyofuata tukapeleka koti la mwalimu mstaafu, na wateja wengine wakafuata. Mvua iliponyesha, tulichukua mwavuli. Siku nilizotaka kulala, Baba ndiye aliyenivuta shuka. "Amka, Sindano! Kuna mtu anangoja sketi yake!"

Miezi mitano ikapita, siku ya wazazi ikafika. Darasa letu lilikuwa bado ghorofa ya tatu. Ghorofa ya pili Baba alisimama, akafuta jasho. "Tangulia, mwanangu. Nakuja."

Nilianza kusoma insha yangu huku nikitazama mlango. Sentensi ya tatu haijaisha, akaingia, mkono mmoja umeshikilia suruali kiunoni isianguke. Darasa zima likacheka, nami nikacheka huku nalia.

"Baba, fundi mzima! Mbona hukuipunguza?"

"Nilitaka uione kwanza," alisema.

Mwalimu alimuuliza amewezaje. Baba akajibu, "Hamu ya mazoezi ilituishia wiki ya kwanza. Sikilizeni, wanangu. Msingoje hamu. Fanyeni mazoezi yawe ahadi, na mtafute mtu wa kuwasubiri. Siku hizi hata nikikosa nguo ya kupeleka, miguu yenyewe inanidai."

Jioni alinikalisha kwenye kiti chake, akaniwekea suruali mbele ya cherehani. Nikaipiga mshono wa nne, safari hii kuelekea ndani.