Ndege ya Kumtafuta Babu Sadoki

Kila Jumamosi asubuhi Elinipa alikuwa na kazi tatu: kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji, na kumpelekea babu yake uji. Jumamosi hiyo kazi ya tatu ilimshinda, kwa sababu Babu Sadoki hakuwa kitandani. Baada ya kuzunguka nyumba nzima alimkuta jikoni, juu darini, amejibanza katikati ya mikungu ya ndizi. Shavu lake lilikuwa limevimba utadhani ameficha limau mdomoni.

"Shikamoo, Babu. Unafanya nini huko?"

"Marahaba. Punguza sauti. Leo yule daktari wa meno anakuja na ndege. Wakikuuliza, sema nimepanda msituni kutafuta ng'ombe."

"Ng'ombe si yuko zizini?"

"Wao watajulia wapi?"

Babu Sadoki alikuwa mzee wa kanisa, na ujanani aliwahi kumfukuza chui kwa jembe. Lakini akisikia habari za kung'olewa jino, alitafuta pa kujificha. Elinipa alimpenda sana babu yake, tena mama alikuwa amekwenda sokoni Tengeru, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshauri. Akakubali.

Saa tatu ndege ndogo ilitua kwenye uwanja wa nyasi chini ya kijiji. Rubani wake, Kapteni Prisca, siku za kazi aliuza mabati na misumari dukani kwake Ngarenaro. Jumamosi yeye na marubani wenzake walijitolea kupeleka madaktari vijijini na kutafuta watu waliopotea mlimani. Hakuna aliyewalipa.

Daktari Sylvanus aliketi kanisani, akafungua daftari, akasoma jina la kwanza. Lilikuwa la Sadoki.

"Amepanda msituni kutafuta ng'ombe," Elinipa alisema, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake.

Alidhani daktari angeita jina la pili na mambo yaishe. Badala yake kanisa zima lilisimama. Mzee wa miaka sabini na minane, mgonjwa, peke yake msituni, na ukungu unashuka? Akina mama wa kwaya walianza kuomba kwa sauti. Kapteni Prisca alikwisha kutoka mbio, na punde ndege ilikuwa angani.

Elinipa naye alikimbia nyumbani.

"Hiyo ndege inamtafuta nani?" Babu aliuliza kutoka darini.

"Wewe, Babu."

"Waambie sipo."

"Wanajua hupo. Ndiyo maana wanakutafuta."

Babu alifikiri kidogo, kisha akajifunika majani makavu ya migomba.

Elinipa aliporudi kanisani alikuta kijana mmoja anahema mlangoni. Mjomba wake, mrina asali aitwaye Lerionka, alikuwa ametumbukia korongoni upande wa magharibi wa msitu na kuvunjika mguu. Daktari Sylvanus alimweleza rubani kwa redio ya mkononi.

"Ukungu unafunga," sauti ya Kapteni Prisca ilijibu. "Nitawahi upande mmoja tu. Niende kwa nani?"

"Mzee kwanza," watu walisema kwa pamoja.

Elinipa alikuwa amemwahidi babu yake. Lakini Lerionka alikuwa amelala korongoni kwenye baridi, na ndege yake ilikuwa inakwenda kumtafuta mtu aliyelala kwenye ndizi.

"Babu yuko darini," alisema. Kwaya ilikuwa bado inaomba, hakuna aliyemsikia. Akapanda juu ya benchi na kutumia sauti yake ya kuitia mbuzi. "Babu yuko darini, jikoni kwetu. Anaogopa kung'olewa jino."

Mama mmoja aliangua kicheko. Daktari hakucheka. Alishika redio na kusema, "Mzee yuko nyumbani. Nenda magharibi."

Kapteni Prisca aliliona shuka jekundu la Lerionka ukingoni mwa korongo. Akazunguka juu yake mpaka vijana wenye machela walipofika, halafu ukungu ukafunika mlima wote. Saa kumi jioni Lerionka aliletwa kanisani akiwa hai, anaomba chai.

Babu Sadoki alikuwa pale tayari, utando wa buibui kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye machela.

"Nisamehe, Lerionka. Ndege yako niliichelewesha mimi."

"Mzee, kwa shavu hilo, wewe ndiye unayeumwa zaidi," Lerionka alijibu.

Elinipa alikuwa amejificha nyuma ya kwaya. Babu alimwita.

"Nilikutwisha uongo wangu, wewe mtoto, nami mtu mzima nikakaa darini. Ungenitii mpaka mwisho, Lerionka angekufa. Mtu akikuomba umfichie jambo linaloweza kumdhuru mwenzako, mkatalie, hata akiwa babu yako. Huko si kumkosea heshima."

Kisha akaketi kwenye kiti cha daktari na kumpa mjukuu wake mkono aushike.

"Na nikilia," alisema, "usinifichie."

Alilia, tena sana, na Elinipa alimwambia hivyo kila aliyeuliza.