Nafasi ya Vidole Vinne Kiunoni

Jua lilikuwa limeshafika kwenye vichwa vya minazi ya Mtongwe. Mwanabibi alikuwa amekwisha kufunika cherehani yake kwa kipande cha shuka, ameshika chupa mkononi aende dukani kwa Charo kununua mafuta ya taa, aliposikia hodi barazani.

Wateja hawakuwa wakija saa hizo. Na kusema kweli, mwaka ule wa tisini na mbili, hawakuwa wakija saa yoyote. Tangu mitumba ianze kumwagwa Kongowea mafungu kwa mafungu, watu waliacha kushonesha. Mumewe Mwanabibi alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na binti yake wa pekee, Zubeda, aliolewa Lamu, akawa haonekani ila Idi hadi Idi. Zilikuwako siku ambazo Mwanabibi hakusema na mtu tangu alfajiri mpaka isha.

"Karibu," alisema, akaiweka chupa chini.

Aliyeingia alikuwa Johari, msichana wa nyumba ya nyuma ya msikiti, aliyekuwa akiuza katika duka moja la dawa pale Likoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mamake alikufa yeye akiwa mdogo, babake naye akafuata, akabaki kwa mama wa kambo, Mwanatabu, katika nyumba iliyojaa ndugu ambao walimpita ukumbini kama wanavyopita nguzo.

"Shikamoo, Bi Mwanabibi."

"Marahaba, mwanangu. Waonaje?"

"Alhamdulillahi. Nimekuja unipunguzie suruali."

Hakuleta mfuko. Aliinua buibui lake mpaka kiunoni, na chini yake alikuwa amevaa jinzi.

Mwanabibi alikuwa fundi kwa miaka thelathini, na jinzi kama ile hajapata kuiona. Kitambaa kizito, lakini kimelala mwilini kama hariri. Vifungo vya shaba. Nyuma kibandiko cha ngozi chenye jina la Kitaliano lililochomwa kwa moto. Aliushika mshono wa paja akauvuta, na uzi haukutikisika.

"Umeinunua ngapi?"

Johari alimtajia bei. Mwanabibi akaketi.

"Huo si mshahara wako wa miezi mitatu?"

"Ni huo."

"Mwanangu, Kongowea wapata jinzi ngumu kwa shilingi themanini. Na hii waivalia ndani ya buibui. Nani aiona?"

"Hakuna."

"Basi umenunua nini kwa pesa zote hizo?"

Johari alitazama chini. "Nikiivaa," alisema, "sijioni niko peke yangu."

Aliinunua Kiembeni, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza nguo za Ulaya sebuleni mwake, nyumba ya mwisho kabisa. Siku hiyo ilitundikwa suruali moja tu. Yule mwanamke hakutaja bei kwanza. Aliuliza, nyumbani kwenu mko wangapi. Johari akamwambia, ukinitoa mimi, wako tisa. Mwanamke akasema, basi wewe waimudu.

"Maneno gani hayo?" aliuliza Mwanabibi.

"Sijui. Nilidhani atanipunguzia."

Mwanabibi alitoa futi yake akampima. Kiuno cha msichana, inchi ishirini na nane. Suruali nayo, inchi ishirini na nane. Lakini ilipovaliwa, nyuma, kati ya suruali na mgongo, palibaki nafasi. Vidole vinne vyaingia.

Alipima tena. Ishirini na nane, na ishirini na nane.

Akaona labda macho yamechoka. Aliipunguza kiuno papo hapo, huku Johari amejifunga leso akingoja. Alipoinama juu ya kitambaa kile alisikia harufu, si mbaya. Ilikuwa harufu ya kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia sasa hivi.

Baada ya siku nne Johari alirudi, saa ile ile ya magharibi.

"Imelegea tena."

Vidole vinne.

Akapunguza. Msichana akarudi. Akapunguza, akarudi. Na kila akija alikaa kidogo zaidi. Walikunywa chai ya tangawizi, Johari akamweleza habari za wateja wa dukani, wanaoona haya kutaja maradhi yao mpaka wabaki wawili tu. Mwanabibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso. Akaanza kukanda unga mchana ili mahamri yawe moto msichana akifika. Akaanza kuisikiliza njia.

Na akafanya jambo ambalo baadaye hakumwambia mtu. Alipojua kwamba mshono mfupi wa nyuzi mbili ungeishika suruali ile vizuri zaidi, alishona mrefu, wa uzi mmoja, uliolegea. Hakutaka msichana aache kuja.

Mara ya sita alikuwa akitia alama za chaki. Johari amesimama, uso ameuelekeza mlangoni. Mwanabibi alipitisha mkono wake katika ile nafasi ya nyuma ili aushike ukingo.

Mle ndani mlikuwa na joto.

Si joto la mgongo wa Johari. Mgongo wa Johari ulikuwa upande wa kulia wa mkono wake, umepoa. Joto lilikuwa upande wa pili, baina ya mkono na kitambaa, mahali pasipokuwa na kitu...

Halafu likasogea. Taratibu. Kama mtu anayempisha mwenziwe kitandani.

Mwanabibi alitoa mkono. Chaki ilianguka ikavunjika.

"Umemsikia?" Johari alinong'ona.

"Nani?"

"Usimwogope, Bi. Hanisemi vibaya. Halali mpaka nilale."

Kesho yake jioni Mwanabibi alijifunga buibui akaenda nyumba ya nyuma ya msikiti. Mwanatabu alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi, akikuna nazi, na sufuria ya wali iko juu ya jiko kando yake. Wakasalimiana, wakaulizana hali.

"Na Johari?" Mwanabibi akasema. "Mwamwonaje siku hizi?"

"Nani?"

"Johari. Binti wa marehemu mumeo."

Mwanatabu aliacha kukuna. Uso wake ukawa kama wa mtu anayetafuta neno alilolijua jana. Akatafuta, akatafuta.

"Marehemu hakuwa na binti, Bi Mwanabibi. Labda wasema nyumba nyengine."

Alisema kwa upole. Wala hakuwa akitania. Ukutani palipangwa sahani za chakula cha jioni, na sahani zilikuwa tisa: ya Mwanatabu, na za watoto wake saba, na ya mkwewe mzee.

Mlango wa ua ukafunguliwa. Johari aliingia akitoka kazini, akatoa salamu. Hakujibiwa. Vijana wawili walimpita bila kumtazama, mmoja akamgusa bega, akajipangusa bega lake kama aliyepita kwenye utando wa buibui. Johari alikwenda penye jiko, akanyoosha mkono kwenye sufuria. Mwanatabu akaifunika. Hakuifunika kwa ubaya. Aliifunika kama mtu anavyofunika chakula kwa ajili ya vumbi.

Johari alibaki amenyoosha mkono vile vile. Kisha akamwona Mwanabibi.

Mwanabibi hakuaga. Alimshika mkono akamtoa, akampeleka kwake mbio mbio, akatia komeo.

"Vua."

"Haivuliki, Bi. Tangu Ijumaa kifungo hakitoki."

"Na wewe umenyamaza?"

"Ningemwambia nani? Wewe ndiwe peke yako wanisikia."

Mwanabibi alichukua wembe wa kufumulia. Midomo yake ikaanza kusoma Ayatul Kursiyu, na mkono wake ukaanza kufumua, kutoka kiunoni kushuka. Johari alilia, akamwomba asimkate. "Atakaa wapi?" alisema. "Bi, atakaa wapi?" Mwanabibi hakusimama.

Utepe wa kiuno ulipofunguka aliona ndani yake. Suruali ilikuwa mpya, lakini chini ya utepe kitambaa kilijaa matundu ya sindano. Mshono wa kupunguza, umefumuliwa. Mshono wa kuongeza, umefumuliwa. Fundi huijua kazi ya fundi mwenziwe kama mtu anavyoujua mwandiko. Aliiona mikono saba tofauti, wa mwisho ukiwa wake. Na chini kabisa ulikuwa mshono wa mkono wa nane, wenye hatua ndogo zisizo sawa, uliotiwa kwa upande wa ndani. Yule aliyeushona hakuwa fundi; alikuwa ameivaa, akijishonea humo humo.

Suruali ikaanguka chini.

Joto lilimpita Mwanabibi usoni... likaenda. Pazia la chumbani lilitikisika mara moja, na huko nje hapakuwa na upepo.

Halafu sauti ikaja kutoka upande wa msikiti, sauti ya Mwanatabu, kali kama kawaida yake: "Johari. Johari we. Wazurura wapi, na chakula chapoa."

Mwanabibi alishukuru Mungu. Lakini Johari, amekaa sakafuni ndani ya leso, alilia kilio cha mfiwa.

"Umemtoa," alisema. "Sasa nitarudi kule peke yangu."

Hakuja tena. Wiki za mwanzo alimsalimu Mwanabibi kwa mbali, kisha akawa anavuka upande wa pili wa njia. Kabla mwaka haujaisha alichumbiwa na karani mmoja wa Kipevu, akahamia Changamwe. Kadi za harusi zilipita nyumba kwa nyumba. Ya Mwanabibi haikufika, na Mwanabibi alifahamu. Mtu hapendi kumtazama aliyemwona katika hali ile.

Suruali alikuwa ameazimia kuichoma. Aliikunja akaitia sandukuni, chini ya shuka za arusi yake.

Kwa mazoea aliendelea kukanda unga mchana. Mahamri yakapoa, akala mawili, mengine akawapa kuku. Jioni moja alifungua sanduku. Ile harufu ya kitanda ikamjia. Akafunga. Jioni ya pili alifungua akakaa nayo. Jioni ya tatu alifunua cherehani, akaishona mishono aliyoifumua, akatia vipande ubavuni huku na huku mpaka kiuno kikafika inchi arubaini, kipimo chake. Alijiambia ni kuijaribu tu. Na alifikiri, kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kumsikia: yule mwanamke wa Kiembeni angemwuliza mko wangapi, angemjibu nini? Niko na binti mmoja, Lamu, na hata huyo simwoni. Suruali iliyomgharimu Johari nyumba nzima, yeye angeipata kwa rahisi.

Alishona mfupi safari hii. Nyuzi mbili.

Alipoivaa, nyuma palibaki vidole vinne. Alisimama katikati ya chumba, akangoja. Baada ya muda mgongo wake ulipata joto, kutoka juu kushuka chini, na Mwanabibi, ambaye hajaguswa na mtu miaka sita, alifumba macho.

Miezi miwili ikapita. Dukani Charo hakumjibu salamu, akamhudumia aliye nyuma yake. Mwanabibi aliweka pesa mezani, akajichukulia mafuta ya taa, wala hakuudhika. Nyumbani alikuwa na wa kumngojea.

Idi ilipofika, alasiri, alisikia sauti barazani. Aliijua kabla ya kuyafahamu maneno. Alisogea dirishani.

Zubeda alikuwa amesimama nje, mtoto mgongoni, na bahasha ya dukani yenye leso mpya mkononi. Alikuwa akiongea na Sidi, jirani wa nyumba ya pili.

"Nyumba hii yakaa nani, dada?" aliuliza Zubeda.

"Hiyo? Haikai mtu. Ilikuwa ya fundi mmoja zamani. Wewe wamtafuta nani?"

"Sijui." Zubeda alicheka kidogo, kwa kuona haya. "Nimetoka Lamu na basi, nimeshuka feri, miguu ikanileta hapa. Na leso hizi nimezinunua, nikiulizwa za nani, siwezi kujibu."

"Labda una jamaa huku."

Zubeda alifikiri. Alikunja uso, akatafuta, akatafuta.

"Sina," alisema.

"Zubeda," Mwanabibi aliita.

Binti yake aligeuka. Alilitazama dirisha, akamtazama mamake machoni, kama mtu anavyotazama mbao zilizofungwa.

Mwanabibi alikishika kifungo cha shaba. Hakikutoka. Alitia vidole nyuma aivute chini. Vidole havikuingia. Vinne havikuingia, wala viwili, wala kimoja. Suruali aliyoiongeza mwenyewe kwa mkono wake ilikuwa imembana mpaka nyama.

Wembe ulikuwa juu ya cherehani. Alinyoosha mkono.

Mkono ukashikwa. Kwa upole, kwa joto, kama anavyoshikwa mtoto asijikate.

Nje, Zubeda alimpa Sidi zile leso. "Chukua wewe, dada. Idi njema." Akamweka mtoto sawa mgongoni, akaondoka. Mwanabibi alisikia viatu vyake mpaka kona ya msikiti, kisha hakusikia tena.

Alisikia, nyuma ya shingo yake, pumzi ya mtu.

Halafu ya wa pili.