Kiti Kingine

Dereva wa chuo alipakia sanduku, akamfungulia msichana mlango wa nyuma, kisha akazunguka upande wa pili akafungua na ule, akaushikilia kidogo kabla ya kuufunga taratibu. Msichana aliona, akaingia. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako. Huenda ndiyo adabu ya madereva wa huku. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa ndege tatu, na sasa hakusikia baridi, wala njaa, wala ile furaha aliyoahidiwa na kila mtu aliyemuaga.

"Mwenzako hafungi mkanda?" dereva aliuliza, macho kwenye kioo.

"Mwenzangu yupi?"

Dereva alimtazama yeye, akatazama kiti cha pembeni yake, akawasha gari.

Nyumbani walimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Leo alikaa kimya kama mzigo unaopelekwa kwa mwenyewe. Kitu kimoja tu kilimliwaza. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa na barabara nje ilikuwa safi haina hata punje ya mchanga, lakini ndani mlinukia vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, harufu ya kwao kabisa. Aliivuta kwa pua mara mbili tatu, machozi yakakaribia, kisha yakaghairi.

Kwenye ofisi ya usajili alipanga foleni mpaka zamu yake ya kupigwa picha ikafika.

"Mmoja mmoja, tafadhali," karani alisema bila kuinua uso. "Mwenzako asubiri nyuma ya mstari."

Chiriku aligeuka. Aliyemfuatia alikuwa hatua sita nyuma, amezama kwenye simu yake. Karani alipiga picha, akaiangalia, akaifuta, akapiga nyingine, akaifuta na hiyo. Ya tatu aliiacha ilivyo, akamsukumia kitambulisho haraka haraka kama mtu anayetaka kwenda nyumbani mapema. Katika picha ile bega la kushoto la Chiriku lilikuwa limeshuka, mfano wa mtu anayeegemewa.

Na kweli bega lilikuwa zito. Aliusingizia mkoba. Kisha akakumbuka kwamba hapo ndipo mama yake alipomshika walipoagana. Mama, mgonjwa wa miaka saba, aliinuka siku hiyo akamfungia sanduku kwa mikono yake, akasimama naye mlangoni, akamkandamiza bega kwa kiganja muda mrefu, mpaka pakauma. Hakuna aliyetarajia angeweza hata kusimama. Chiriku aliyabeba yale maumivu njia nzima kama zawadi.

Mlezi wa bweni alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na shada la funguo kiunoni lililomtangaza kabla hajatokea. Alimwingiza katika kiofisi chake chini ya ngazi. Juu ya meza aliweka funguo mbili, taulo mbili na vikombe viwili vya chai.

"Kaeni," alisema.

Chiriku alijaribu kucheka. "Mama mlezi, mimi niko peke yangu."

Mlezi alitia kijiko cha sukari katika kikombe cha kwanza, akatia kingine katika cha pili. Cha pili kikaanza kugongagonga kisahani chake, polepole, kisha kwa hasira, chai ikaruka na kutapakaa mezani, na ile harufu ya vumbi la mvua ikapanda ikajaa chumba, na hapo Chiriku akakumbuka alikokuwa akiisikia, si uwanjani wala shambani bali chumbani kwa mama, zile siku ambazo jini alimpanda mama akaamka anaburuta mguu wa kushoto, sauti si yake, bega limeshuka, na akiletewa chai ya vijiko vitatu aliyoipenda maisha yake yote anaitema ukutani, hata watoto wakajifunza kumwonjesha kwanza wajue leo wanakunywa chai na nani.

Waganga walikuja wakaenda. Wa mwisho alitoka chumbani anajifuta jasho, akawaambia jini yule haondoki bure, anataka kiti kingine cha kukalia, mtu mwingine wa kumpanda. Na mama, kwa sauti yake mwenyewe, alijibu kutoka ndani: "Basi na akae. Mimi sina kiti cha kumpa." Chiriku alikuwa na miaka kumi na mitano. Alilia siku nzima kwa mapenzi.

"Nimepokea wanafunzi miaka ishirini na sita," mlezi alisema kwa sauti ya chini, akikausha meza. "Wengine huja na zaidi ya sanduku. Kitabu changu ni hiki. Nikiandika mmoja, anapanda ngazi mmoja."

"Na huyo mwingine?"

"Anarudi alikotoka. Leo leo. Hana pengine pa kwenda."

"Na ukiandika wawili?"

"Ni wako. Mimi sina uwezo wa kumfuta." Alifungua kalamu. "Niambie, mwanangu. Mko wangapi?"

Simu ikalia. Ilikuwa mama.

"Umefika salama? Hebu sikiliza." Kulikuwa na vyombo vinavyogongana, na wadogo zake wakicheka, kicheko alichokuwa amekisahau. "Nimefagia nyumba nzima. Mimi mwenyewe, usifikiri ni jirani. Mguu mwepesi. Na chai nimekunywa vikombe viwili, vijiko vitatu vitatu, mdogo wako amekodoa macho utadhani ameona maiti imefufuka."

"Alhamdulillahi, mama."

"Tangu ulipoondoka, mwanangu. Tangu siku ile ile."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwao mwenyeji alipona mgeni alipoondoka, na sasa mgeni huyo alikuwa hapa, anangoja neno moja. Chiriku alijitafuta ndani apate woga, hata kidogo, wa kumsaidia kusema "mmoja". Hakuupata. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na mle ndani ya ganzi alisikia tu wadogo zake wakicheka. Aliziba simu kwa kiganja.

"Wawili," alisema.

Mlezi alimngoja abadilishe. Alipoona habadilishi, akaandika, akakausha wino kwa karatasi, akatoka nje bila kumtazama. Bega la kushoto likashuka zaidi, kwa upole, kama mtu anayekaa vizuri baada ya safari ndefu.

"Umepata chumba?" mama aliuliza simuni.

"Nimepata. Kizuri tu."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama. Usiwe na wasiwasi."

Mama alisikika akiondoka penye kelele, akifunga mlango, kicheko cha watoto kikabaki upande wa pili. Aliporudi alinong'ona, na sauti ilikuwa yake kabisa.

"Mwanangu. Chai yake usimtilie sukari."

Simu ikakatika. Chiriku alikaa kidogo, kisha akakichukua kikombe cha pili, akaburuta mguu mpaka kwenye sinki, akakimwaga na kukisuuza vizuri.